Uchunguzi wa Algoriti za Ubadilishaji wa Kurasa katika Kumbukumbu ya Kompyuta: Ufafanuzi kwa Mifano ya Ndanda, Masasi na Newala

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna mfumo endeshi wa kompyuta unavyoamua ukurasa upi uondolewe katika kumbukumbu kuu pale nafasi inapokwisha, na namna mtafiti anavyoweza kuyachunguza maamuzi hayo. Ufafanuzi umejikita katika algoriti nne: algoriti bora ya Belady, algoriti ya mtangulizi (FIFO), algoriti ya ukurasa uliokaa muda mrefu bila kutumika (LRU) na algoriti ya saa. Mifano ya kukokotoa kwa mkono imetumika, ukiwamo mfano wa kudhania wa ofisi ya chama cha msingi cha ushirika wa korosho wakati wa msimu. Hoja kuu ni kwamba hakuna algoriti iliyo bora kwa kila kazi, na kwamba kuongeza kumbukumbu pekee si dawa ya kila tatizo. Kwa hiyo, matumizi halisi ya mahali husika hayana budi kupimwa kabla ya kuchagua algoriti au kununua vifaa.

1.0 Utangulizi

Ndanda ipo katika Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara, chini ya mteremko wa uwanda wa juu wa Makonde. Wamisionari Wabenediktini walifungua makazi yao hapo mwaka 1906, na baadaye shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji vikastawi. Mojawapo ya sifa za mahali hapo ni maji: chemchemi hutokeza chini ya mteremko. Huko juu, upande wa Newala, hali ni kinyume. Mvua hunyesha, lakini maji huzama haraka ardhini na hayakai juu ya uwanda. Kabla ya mradi wa kusukuma maji kwa pampu ulioanza miaka ya 1950, kaya nyingi za uwandani zilitegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa au safari ya kushuka bondeni na kupanda tena na mzigo kichwani.

Hali hiyo inasaidia kuelewa suala la msingi la makala hii. Maji yaliyomo mtungini nyumbani hupatikana mara moja. Maji yaliyoko bondeni yapo pia, tena kwa wingi, lakini kuyafikia kunagharimu nusu siku. Kompyuta nayo ina hifadhi mbili za namna hiyo. Kumbukumbu kuu ni ya haraka lakini ndogo, ilhali diski ni kubwa lakini iko mbali kwa kipimo cha muda. Ufanisi wa mashine hutegemea idadi ya safari za kwenda kwenye diski kuliko wingi wa data iliyohifadhiwa.

Mfano wa maji, hata hivyo, unaishia hapo. Maji yakinywewa huisha, ilhali ukurasa wa kumbukumbu ukisomwa haupungui. Tatizo la kompyuta ni nafasi: ili ukurasa mpya uingie, mwingine sharti utoke. Swali la utafiti ni utoke upi.

Swali hili lina uzito wa pekee katika shule na ofisi zenye bajeti ndogo. Pale ambapo kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine ndizo zinazopatikana, kumbukumbu ndogo ni jambo la kawaida, na mashine inapokuwa nzito hukumu ya haraka huwa kwamba imechakaa. Ufafanuzi unaofuata unaonesha kwamba hukumu hiyo yaweza kuwa sahihi au ya makosa, na kwamba tofauti hiyo hupimika.

2.0 Kumbukumbu Pepe na Gharama ya Ukurasa Kukosekana

Mfumo endeshi hugawa eneo la anwani la programu katika vipande vyenye ukubwa sawa viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi za sasa ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kumbukumbu kuu nayo hugawanywa katika nafasi za ukubwa huohuo ziitwazo fremu. Programu inapotaja anwani, maunzi hutazama jedwali la kurasa. Ukurasa ukiwamo katika fremu, kazi huendelea. Usipokuwamo, programu husimamishwa, ukurasa huletwa kutoka kwenye diski, kisha programu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukio hilo ndilo linaloitwa hapa ukosekanaji wa ukurasa.

Mpango huu unaitwa kumbukumbu pepe, kwa kuwa programu huona kumbukumbu kubwa kuliko ile iliyopo. Ulitumika kwanza kwa ukamilifu katika kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962 na kundi lililoongozwa na Tom Kilburn. Kumbukumbu kuu ya Atlas ilikuwa na fremu 32, kila moja ikibeba maneno 512 ya kompyuta, na kurasa nyingine zilikaa katika ngoma ya sumaku.

Gharama ya ukosekanaji inaweza kukokotolewa. Tuseme kufikia kumbukumbu kuu huchukua nanosekunde 100, na kuleta ukurasa kutoka kwenye diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 8, yaani nanosekunde 8,000,000. Ikiwa katika kila marejeo 1,000 ukurasa hukosekana mara moja tu, wastani wa muda kwa rejeo moja huwa takribani nanosekunde 8,100. Mashine inakuwa imepungua kasi mara 81. Ili upungufu wa kasi usizidi asilimia 10, ukosekanaji haupaswi kuzidi mara moja katika marejeo 800,000. Diski zisizo na sehemu zinazozunguka hupunguza pengo hilo, lakini haziliondoi: nazo kwa kawaida huwa nyuma ya kumbukumbu kuu kwa mamia au maelfu ya mara.

Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini uamuzi wa ukurasa wa kuondoa, ingawa ni mdogo, umefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka 60.

3.0 Algoriti Kuu

3.1 Algoriti bora

Mwaka 1966 László Belady, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha ulinganisho mpana wa algoriti za ubadilishaji. Katika kazi hiyo alieleza algoriti inayotoa idadi ndogo kabisa ya ukosekanaji: ondoa ukurasa ambao utahitajika baadaye kuliko kurasa nyingine zote. Algoriti hii haiwezi kutekelezwa katika mfumo unaofanya kazi, kwa sababu inadai kujua yajayo. Umuhimu wake ni wa kipimo. Baada ya kazi kumalizika na kumbukumbu ya marejeo kupatikana, mtafiti huweza kukokotoa idadi hiyo ndogo kabisa na kuona algoriti nyingine ziko umbali gani nayo.

3.2 Algoriti ya mtangulizi

Algoriti hii, ifupishwayo FIFO, huondoa ukurasa uliotangulia kuingia. Utekelezaji wake ni mwepesi, kwani foleni moja yatosha. Udhaifu wake ni kwamba umri wa ukurasa katika kumbukumbu hausemi lolote kuhusu umuhimu wake. Ukurasa ulioingia asubuhi na unaotumika kila dakika utaondolewa zamu yake ikifika.

3.3 Algoriti ya ukurasa uliokaa muda mrefu bila kutumika

Algoriti hii, ifupishwayo LRU, huondoa ukurasa ambao umepita muda mrefu zaidi tangu utumike. Msingi wake ni dhana kwamba mambo ya karibuni yaliyopita ni dalili ya mambo ya karibuni yajayo. Kwa programu nyingi dhana hiyo ni ya kweli, kwa sababu programu hurudia maagizo na data zilezile kwa kipindi fulani kabla ya kuhamia kwingine. Tabia hiyo huitwa ujirani wa marejeo. Kikwazo ni gharama: kuandika wakati wa kila rejeo, katika mashine yenye mamilioni ya marejeo kwa sekunde, hakuwezekani bila maunzi ya pekee.

3.4 Algoriti ya saa

Algoriti ya saa ni njia ya kukaribia LRU kwa gharama ndogo. Ilielezwa na Fernando Corbató kutokana na mfumo wa Multics mwishoni mwa miaka ya 1960. Fremu hupangwa katika duara, na kila fremu ina biti moja ya rejeo ambayo maunzi huiweka kuwa 1 ukurasa unapotumika. Nafasi inapohitajika, mshale huzunguka. Ukikuta biti ni 1, huifanya kuwa 0 na kusonga mbele. Ukikuta biti ni 0, ukurasa huo ndio unaoondolewa. Kila ukurasa uliotumika hupewa nafasi ya pili. Mifumo endeshi mingi iliyofuata imejengwa juu ya wazo hili au mabadiliko yake.

4.0 Ulinganisho kwa Kukokotoa

Ili kulinganisha algoriti, mtafiti hutumia mfuatano wa marejeo, yaani orodha ya namba za kurasa kwa mpangilio ambao programu ilizitaja. Mfuatano ufuatao, ambao ni maarufu katika taaluma hii, una marejeo 12 ya kurasa 5:

1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5

Kumbukumbu ikiwa tupu mwanzoni, idadi ya ukosekanaji huwa kama inavyooneshwa katika Jedwali la 1.

Jedwali la 1: Idadi ya ukosekanaji kwa mfuatano wa marejeo 12

Algoriti bora: fremu 3, mara 7, fremu 4, mara 6.
FIFO: fremu 3, mara 9, fremu 4, mara 10.
LRU: fremu 3, mara 10; fremu 4, mara 8.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, FIFO ikiongezewa fremu moja inafanya vibaya zaidi. Jambo hili, linalokwenda kinyume na matarajio, lilielezwa na Belady, Nelson na Shedler mwaka 1969 na hujulikana kama ukinzani wa Belady. Mwaka uliofuata, Mattson na wenzake walionesha kwamba lipo kundi la algoriti lisiloweza kupata ukinzani huo, zikiwamo LRU na algoriti bora. Sababu ni kwamba katika kundi hilo, kurasa zinazokuwamo kukiwa na fremu 3 huwamo pia kukiwa na fremu 4. FIFO haina sifa hiyo.

Pili, kwa fremu 3, LRU imeshindwa na FIFO katika mfuatano huu, ingawa kwa kawaida LRU huhesabiwa kuwa bora. Ushindi wa algoriti moja katika mfuatano mmoja hauthibitishi ubora wake kwa jumla. Mtafiti anayetoa hitimisho kwa mfuatano mmoja wa kitabuni hajatafiti bado.

5.0 Mfano wa Msimu wa Korosho

Mikoa ya Kusini huuza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mwaka 2007. Wakulima hupeleka korosho katika vyama vya msingi vya ushirika, mzigo hukusanywa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada. Vyama vikuu vinavyohusika katika eneo hili ni MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu, na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Baada ya mnada, malipo ya kila mkulima hukokotolewa kwa uzito na daraja la korosho zake, na makato kuondolewa.

Tuchukulie mfano wa kudhania. Kompyuta ya chama cha msingi ina programu ya malipo ambayo daftari lake la wakulima limejaza kurasa 4, na fremu zilizobaki kwa ajili yake ni 3. Programu hupitia daftari lote mara tatu: mara ya kwanza kukokotoa malipo, mara ya pili kuondoa makato, mara ya tatu kuchapa orodha. Mfuatano wake ni huu:

1, 2, 3, 4, 1, 2, 3, 4, 1, 2, 3, 4

Kwa LRU, ukurasa hukosekana mara 12 kati ya marejeo 12. Kila mara ukurasa unaoondolewa ndio unaohitajika punde. FIFO nayo hukosa mara 12. Algoriti bora hukosa mara 6 tu. La kushangaza ni kwamba algoriti iliyo kinyume cha LRU, yaani inayoondoa ukurasa uliotumika karibuni zaidi, nayo hukosa mara 6, ikilingana na bora. Katika kazi ya kupitia orodha kutoka mwanzo hadi mwisho, ukurasa uliotoka kusomwa ndio utakaochukua muda mrefu zaidi kabla ya kuhitajika tena.

Tuongeze fremu moja. Kukiwa na fremu 4, daftari lote linaenea, na algoriti zote hukosa mara 4 tu, yaani mara moja kwa kila ukurasa unapoingia. Kwa LRU, fremu moja imepunguza ukosekanaji kutoka 12 hadi 4.

Mfano huu unapaswa kusomwa sambamba na Jedwali la 1. Mahali pamoja kuongeza kumbukumbu kunaleta nafuu kubwa ghafla, mahali pengine kunaleta nafuu kidogo, na kwa FIFO kwaweza hata kuleta hasara. Aidha, ofisi hiyohiyo hubadilika kwa majira. Nje ya msimu, karani huandika barua na kufungua kumbukumbu za mkulima mmojammoja, kazi ambayo ujirani wa marejeo huonekana wazi na LRU huifaa. Wakati wa malipo, orodha nzima hupitiwa. Kipimo kilichochukuliwa mwezi Mei hakiwezi kuzungumzia Novemba.

6.0 Seti ya Kazi na Msukosuko

Peter Denning (1968) alilikabili suala hili kwa njia nyingine. Badala ya kuuliza ukurasa upi uondolewe, aliuliza programu inahitaji kurasa ngapi kwa wakati mmoja ili iende vizuri. Kurasa ambazo programu imezitumia katika kipindi kifupi kilichopita aliziita seti ya kazi. Ikiwa jumla ya seti za kazi za programu zote zinazoendeshwa inazidi fremu zilizopo, kila programu humnyang'anya mwenzake kurasa. Kila inayopata zamu hukuta kurasa zake zimeondolewa. Diski huwaka taa bila kukoma, prosesa hukaa bila kazi, na kazi hazisongi. Hali hiyo ndiyo msukosuko.

Katika msukosuko, kubadili algoriti hakusaidii sana. Tiba ni mbili: kupunguza programu zinazoendeshwa kwa pamoja au kuongeza kumbukumbu hadi seti za kazi zienee. Tofauti kati ya mashine iliyo katika msukosuko na mashine yenye algoriti isiyolingana na kazi yake ni muhimu kwa mwenye bajeti, kwa kuwa mtumiaji huona dalili moja tu, yaani uzito.

Tafiti za baadaye zimejaribu kuunda algoriti zinazojirekebisha zenyewe. Johnson na Shasha (1994) walipendekeza foleni mbili, ili ukurasa uliotajwa mara moja tu usiziondoe kurasa zinazorudiwa. Megiddo na Modha (2003), wa IBM, walipendekeza ARC, ambayo hubadili uwiano kati ya kurasa za karibuni na kurasa za mara kwa mara kadiri kazi inavyobadilika. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL uliipokea ARC katika toleo la 8.0, kisha ukaiacha mwaka 2005 kwa sababu ya hataza iliyoombwa na IBM. Katika Linux, toleo la 6.1 la Desemba 2022 liliingiza utaratibu unaopanga kurasa katika vizazi kadhaa badala ya orodha mbili za awali. Uwanja huu, basi, haujafungwa.

7.0 Hatua za Uchunguzi

Mtafiti mwenye kompyuta moja ya kawaida anaweza kufanya uchunguzi wenye maana kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, apime kama tatizo lipo. Katika Linux, faili la /proc/vmstat hutunza hesabu za ukosekanaji tangu mashine ilipowashwa. Hesabu ya pgmajfault ndiyo inayohusu kurasa zilizolazimu kusomwa kutoka kwenye diski. Hesabu ya pgfault hujumuisha pia ukosekanaji mwepesi usiohitaji diski, na kuzichanganya hesabu hizi mbili ni kosa linaloharibu matokeo.

Pili, akusanye mfuatano wa marejeo wa kazi halisi. Zana ya Lackey iliyomo katika Valgrind huandika anwani zinazotajwa na programu. Namba ya ukurasa hupatikana kwa kugawanya anwani kwa 4,096 na kuacha baki. Rekodi hiyo hubeba anwani, si majina wala kiasi cha malipo. Hata hivyo, ruhusa ya mwenye ofisi inahitajika. Kwa kuwa zana hii huchelewesha programu sana, mkusanyo ufanyike kwenye nakala ya kazi, si wakati wakulima wamepanga foleni.

Tatu, aandike programu ya mwigo inayosoma mfuatano na kuhesabu ukosekanaji kwa kila algoriti na kwa idadi mbalimbali za fremu. Kwa LRU na jamii yake, mbinu ya Mattson na wenzake huwezesha kupata majibu ya idadi zote za fremu kwa kupitia mfuatano mara moja. Kabla ya kuuamini mwigo, aujaribu kwa mfuatano wa Jedwali la 1. Usipotoa tarakimu zilezile, una kosa.

Nne, alinganishe kila tokeo na algoriti bora. LRU ikikaribiana nayo, hakuna faida kubwa ya kutafuta algoriti nyingine. Zikiachana sana, kama katika mfano wa daftari la wakulima, nafasi ya kuboresha ipo.

Tano, azingatie kurasa zilizobadilishwa. Ukurasa uliosomwa tu unaweza kutupwa, lakini uliobadilishwa sharti uandikwe kwenye diski kwanza. Kuhesabu ukosekanaji bila kuhesabu maandishi hayo hupunguza gharama kwenye karatasi kuliko ilivyo kwenye mashine.

Sita, arudie vipimo katika majira tofauti ya kazi na aripoti kila kimoja peke yake. Wastani wa mwaka huficha wiki ya malipo, nayo ndiyo wiki ambayo ucheleweshaji humgusa mkulima.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ubadilishaji wa kurasa ni uamuzi unaofanywa bila kujua yajayo, na kwamba kila algoriti imejengwa juu ya dhana fulani kuhusu namna kazi zinavyojirudia. Dhana ikilingana na kazi, mashine ndogo hutosha. Isipolingana, hata LRU inayosifiwa huweza kukosa ukurasa katika kila rejeo. Pia imeonekana kwamba idadi ya fremu ina kizingiti: chini yake nafuu ni ndogo, na inapofikiwa mashine hubadilika ghafla.

Kwa shule au chama cha ushirika katika Masasi na Newala, matokeo ya uchunguzi wa aina hii yanaweza kuwa majibu matatu tofauti: ongeza kumbukumbu, punguza programu zinazofunguliwa pamoja, au badili namna programu inavyopitia data yake. Kwa mfano, programu ya malipo iliyotajwa ingeweza kukokotoa malipo, kuondoa makato na kuchapa kwa kila ukurasa kabla ya kwenda ukurasa unaofuata. Mfuatano wake ungekuwa 1, 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 3, 4, 4, 4, na ukosekanaji ungekuwa mara 4 hata kwa fremu moja, bila kununua kifaa chochote. Jibu lipi kati ya hayo matatu linafaa haliwezi kujulikana kwa kutazama umri wa mashine. Hujulikana kwa kupima kazi inayofanywa na mashine hiyo, mahali ilipo, na wakati inapohitajika zaidi.